Bustani ya mimea si shamba la viungo

Ukienda Kizimbani au Kidichi, hapa Unguja, utaoneshwa mkarafuu, utapewa jani la mdalasini unuse, na utapasuliwa kungumanga uione basibasi nyekundu ilivyoikumbatia mbegu. Matembezi mazuri, lakini hilo ni shamba la viungo. Bustani ya mimea, kwa maana wanayoitumia wataalamu wa botania, hutambulika kwa daftari lake.

Humo kila mti una namba. Ukiifuata namba hiyo kwenye kumbukumbu unapata jina la kisayansi, msitu ilikotoka mbegu, aliyeichuma na mwaka uliopandwa. Chukua mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao kwao ni Pemba, katika msitu wa Ngezi. Siku hizi hupandwa hadi Marekani kwa ajili ya pambo. Mpapindi wa huko usio na kumbukumbu hupendezesha ua wa nyumba tu; wenye kumbukumbu unaweza kumsaidia mtafiti siku Ngezi ikipata janga.

Kuna mimea isiyokubali njia nyingine ya kuhifadhiwa. Mbegu ya karafuu ikikaushwa hufa, kwa hiyo huwezi kuitia ghalani kwenye baridi ukaisahau miaka ishirini. Lazima mti uwe hai, na mtu awepo wa kuutunza.

Mtu huyo ndiye mtaalamu wa bustani ya mimea. Yumo kitaluni na miche, yumo kwenye daftari, na yumo kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa: hukata tawi lenye maua, hulibana ndani ya magazeti mpaka likauke, hulibandika kwenye karatasi ngumu, kisha huandika pembeni lilikochumwa, tarehe, na rangi ya ua kabla haijapotea. John Kirk, daktari na balozi wa Uingereza hapa Unguja katika miaka ya 1870, alikuwa na bustani yake Mbweni na akipeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, London. Wengi wetu tunamjua kwa kima punju tu, aliyepewa jina lake la kisayansi. Kwake mimea ilikwenda sambamba na ubalozi. Leo ni ajira inayosomewa chuo kikuu.

Kazi inayodharauliwa zaidi ni kuelimisha watu, nami naona ndiyo ngumu kuliko zote. Mkulima hupanda mkungumanga, akangoja miaka, ukachanua na usizae. Jirani huanza kutajwa kwa kijicho. Kumbe mikungumanga ina dume na jike, na mche haujulikani kwa macho mpaka uchanue. Dume hazai, ila bila chavua yake majike nayo hayazai, basi kuyakata madume yote ni hasara. Hayo yakiandikwa kwa Kiswahili kwenye kibao chini ya mti, mkulima na mwanafunzi wa skuli wote wataondoka na kitu. Kibao chenye jina la Kilatini peke yake kinamfaa aliyekwisha kusoma.