Kwa nini mafuta ya nazi huganda na ya alizeti hayagandi

Mafuta ya nazi yaliyotoka Tanga yakiwa majimaji, yakilala usiku mmoja kwenye baridi ya Lushoto, huamka yameganda na kuwa meupe, ilhali mafuta ya alizeti ya Singida yaliyo kwenye rafu hiyo hiyo hubaki yakimiminika. Mara nyingi mimi huulizwa kama hiyo ni dalili ya kuchakachuliwa. Sivyo: mafuta safi ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na sababu yake imo katika umbo la molekuli zenyewe.

Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia ni trigliseridi, yaani molekuli ndogo ya gliseroli iliyoungana na asidi tatu za mafuta, ambazo ni minyororo ya kaboni, na kila muungano hutoa molekuli moja ya maji. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, mnyororo wa kaboni 12 usio na bondi maradufu (kiungo cha mikono miwili kati ya atomu mbili za kaboni) hata moja. Minyororo ya namna hiyo hulala sambamba kama kuni zilizonyooka katika mzigo, na hivyo huganda kwa urahisi. Katika alizeti ya kawaida imetawala asidi ya linoleiki, yenye kaboni 18 na bondi maradufu mbili, na kila bondi hiyo huupinda mnyororo, hivyo minyororo haibanani vizuri na mafuta hubaki majimaji. Asidi ya steariki nayo ina kaboni 18, lakini kwa kuwa haina bondi maradufu, huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi; ile ya oleiki, iliyopungukiwa atomu mbili tu za haidrojeni, huyeyuka kwenye nyuzi 13, na ya linoleiki huyeyuka hata chini ya sifuri. Bondi hizo hizo ndizo hurahisishia oksijeni kuyashambulia mafuta, na ndiyo maana mafuta ya alizeti huchacha upesi kuliko ya nazi.

Jambo hili lina uzito zaidi ndani ya miili yetu. Utando wa kila seli umejengwa kwa fosfolipidi, ndugu za trigliseridi, ambazo vichwa vyake hupenda maji na mikia yake, yaani minyororo ya asidi za mafuta, huyakimbia, hivyo hujipanga zenyewe katika tabaka mbili, mikia ikiwa ndani. Mikia yote ingekuwa imenyooka, utando ungekakamaa na protini zilizomo zisingeweza kusogea. Kolesteroli, ambayo watu huitaja kana kwamba ni sumu, husaidia kuuweka utando huo katika ulaini unaofaa, tena ndiyo malighafi ya asidi za nyongo, homoni ya kotisoli na homoni za uzazi. Ikizidi kwenye damu ni hatari kwa mishipa, lakini bila hiyo hatuishi.

Lipidi, yaani mafuta na jamaa zake, pia ni akiba ya nishati: gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 hivi, wanga 4. Hata hivyo mwili hauwezi kujitengenezea asidi ya linoleiki, jambo lililoonekana mwaka 1929 pale George na Mildred Burr, nchini Marekani, walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta na panya hao wakaugua.

Vitamini A, D, E na K nazo huhitaji mafuta ili zifyonzwe vizuri tumboni, kwa hiyo mchicha uliotiwa mafuta kidogo hufaidisha zaidi kuliko wa kuchemsha tu. Mawese ya Kigoma yana faida ya ziada, kwani wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini yakipashwa moto mkali mpaka rangi ikapotea, karotini nayo imekwisha.