Lengelenge la safari ya hija halibanduliwi ngozi

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji huenda Namugongo, Uganda, kwa miguu kuwaenzi mashahidi wa imani ya Kikristo waliochomwa moto hapo mwaka 1886. Wengine hutoka Masaka, zaidi ya kilomita 100. Wengine huvuka mpaka kutoka Kenya. Njiani husikika ushauri uleule wa miaka nenda rudi: lengelenge likitoka mguuni, litumbue, ubandue ngozi, kidonda kipate hewa kikauke.

Sivyo. Ngozi hiyo iliyovimba ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Ukiibandua, vumbi la barabarani linaingia kwenye nyama mbichi. Lengelenge dogo lifunike tu, uliache. Likiwa kubwa, likakuzuia hata kukanyaga, nawa mikono, litoboe pembeni kwa sindano mpya iliyopanguswa spiriti, kamua maji taratibu, ngozi ibaki, kisha lifunge. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa, amwone mhudumu wa afya. Nalisisitiza hili kwa sababu mguu wake huenda usihisi maumivu hata kidonda kikiharibika.

Usaha, homa, au joto na uvimbe unaosambaa (kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi) vinakutaka usimame utafute matibabu, hata kama umebakiza kilomita chache. Soksi zilizolowa zibadilishe mapema. Unyevu na msuguano ndivyo vinavyozaa malengelenge.