Gorongosa: nani atauliza swali linalofuata?

Wanafunzi wangu wa ikolojia wanapotaka mfano wa utafiti wa mazingira katika nchi iliyotoka vitani, huwa nawaelekeza Msumbiji, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa katika jimbo la Sofala. Nimekuwa nikihesabu wanyama kutoka angani kusini mwa Tanzania kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na takwimu za Gorongosa nazisoma kama mtu anayesoma barua ya jirani. Mto Ruvuma tu ndio unaotutenganisha na nchi hiyo, na Frelimo, chama kilichopigania uhuru wake, kiliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi wanaijua hifadhi ya Yellowstone ya Marekani kuliko Gorongosa, na jambo hilo linanisikitisha.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Wareno waliitangaza hifadhi ya taifa mwaka 1960. Msumbiji ilipata uhuru 1975, na kufikia 1977 nchi ilikuwa imeingia katika vita kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo. Renamo waliweka makao yao makuu Casa Banana, karibu kabisa na hifadhi. Kambi ya Chitengo, iliyokuwa ikipokea watalii, ilishambuliwa, na mwaka 1983 hifadhi ikaachwa mikononi mwa vita. Askari wa pande zote walikula nyama ya porini, na pembe za ndovu ziligeuka kuwa fedha za silaha. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walipoteza maisha kwa mapigano na njaa kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Na amani ilipokuja haikuwafikia wanyama mara moja. Bunduki zilikuwa zimezagaa, askari wa doria hawakuwapo, na uwindaji uliendelea kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya vita.

Ninachotaka kieleweke hapa ni kwamba tunaweza kusema vita vilifanya nini Gorongosa kwa sababu kuna mtu aliyeandika kabla ya vita. Huyo ni Ken Tinley, mwanaikolojia wa Afrika Kusini, aliyefanya kazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Alichora udongo, maji, miti na wanyama kama kitu kimoja, akahesabu kutoka angani, na tasnifu yake ya 1977 katika Chuo Kikuu cha Pretoria ndiyo msingi ambao kila mtafiti wa leo anasimama juu yake. Bila daftari zake tungebaki na masimulizi tu ya wazee kwamba "zamani wanyama walikuwa wengi". Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini huwezi kuyawekea kipimo.

Niwaeleze kidogo hesabu ya angani inavyofanyika, maana watu hudhani ni kuruka na kutazama. Kwetu Tanzania mara nyingi tunatumia ndege ndogo. Kwenye mhimili wa bawa, kila upande, hufungwa fimbo mbili. Mtazamaji aliyekaa nyuma huhesabu wanyama wanaopita kati ya fimbo hizo tu. Aliye nje ya fimbo, hata kama ni kundi la nyati mia mbili, haingii. Rubani hushikilia urefu uleule juu ya ardhi, na anayekaa mbele huandika mahali na muda. Kisha tunapiga hesabu ya eneo lililoonekana dhidi ya eneo lote. Gorongosa wao hutumia helikopta, wakipita mistari sambamba bila kuruka kipande, wakati wa kiangazi majani yakiwa yamekauka na mnyama haonekani kama kivuli tu chini ya mti. Baada ya saa mbili macho yanawasha na shingo inakaza, na bado unatakiwa kutofautisha pongo na swala mwingine kwa nukta moja ya sekunde. Ukibadilisha njia ya kuhesabu katikati ya miaka bila kuandika ulivyobadilisha, umeharibu kazi ya waliokutangulia na ya watakaokufuata.

Makala ya Marc Stalmans na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la PLoS ONE, ilikusanya hesabu hizo za karibu nusu karne. Kabla ya vita kulikuwa na nyati wapatao 14,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika mia. Viboko, nyumbu na pundamilia walianguka vivyo hivyo, kila spishi kubwa ikipoteza zaidi ya asilimia 90. Chui na mbwa mwitu walitoweka kabisa. Simba walibaki wachache. Kisha wanyama wakaanza kurudi, lakini hawakurudi kwa uwiano ule wa zamani. Kuro, swala wakubwa wanaokaa karibu na maji, ambao kabla ya vita walikuwa maelfu machache, walipita 55,000 kufikia 2018. Ukiweka wanyama wote walao majani kwenye mizani, uzito wao umekaribia ule wa enzi za Tinley. Ukitazama ni nani hasa wamo kwenye mizani hiyo, ni jamii nyingine ya wanyama kabisa. Mtu anayesoma jumla peke yake angetangaza kwamba hifadhi imepona, na angekuwa amekosa habari muhimu kuliko zote.

Kisa cha tembo ndicho ninachokifundisha kwa muda mrefu zaidi. Kabla ya vita Gorongosa ilikuwa na tembo zaidi ya 2,500. Baada yake walibaki mia mbili na kitu. Waliobaki walikuwa na jambo la ajabu: majike wengi hawakuwa na pembe. Joyce Poole, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunamfahamu kwa kazi yake ya miaka mingi Amboseli, na Petter Granli waliwaorodhesha tembo hao mmoja mmoja. Shane Campbell-Staton na timu yake wakachukua filamu na picha za kabla ya vita, wakahesabu majike walioonekana humo, wakalinganisha na wa sasa. Majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5 kabla ya vita. Miongoni mwa walionusurika walifika asilimia 50.9. Na mabinti waliozaliwa baada ya vita, wasiowahi kuwindwa, theluthi moja yao nao hawakuota pembe. Kwa hiyo si bahati ya walionusurika tu. Kuna kitu kilichorithiwa.

Kwa nini majike tu? Watafiti walisoma jinomu, yaani taarifa zote za urithi, za majike 18, 7 wenye pembe na 11 wasio nazo, na ishara ziliwaelekeza kwenye kromosomu X, kwenye jeni iitwayo AMELX, ambayo kwa binadamu inahusika na ukuaji wa meno. Pembe ya tembo, kumbuka, ni jino. Jike ana X mbili. Akiwa na moja yenye badiliko hilo, hakui na pembe lakini anaishi vizuri. Dume ana X moja. Akirithi ile yenye badiliko, inaonekana hufa kabla ya kuzaliwa. Sasa piga hesabu. Mama asiye na pembe ana uwezekano sawa wa binti wa aina mbili na mtoto wa kiume wa aina mbili, lakini aina moja ya wanaume haifiki duniani. Katika watoto wake walio hai, takriban theluthi mbili wanapaswa kuwa majike. Na ndivyo walivyowakuta porini. Miaka 15 ya bunduki ilibadilisha urithi wa mnyama anayebeba mimba miezi 22. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Science mwaka 2021, na kila ninaposoma hitimisho lake nabaki kimya kwa muda.

Kazi nyingine nitazipitia haraka. Justine Atkins na wenzake waliona pongo, ambao kwa kawaida hujificha vichakani, wakilisha kwenye uwanda wazi kwa sababu mla nyama wa kumwogopa hakuwapo. Walipowasikilizisha sauti za chui kwa spika na kuwawekea harufu za wala nyama, pongo walirudi kichakani. Jennifer Guyton na timu yake walionyesha kuwa kichaka vamizi cha Mimosa pigra, kilichoenea bondeni wakati wanyama hawapo, kilipungua tena wanyama waliporudi na kukila. Mbwa mwitu walirejeshwa mwaka 2018 kutoka Afrika Kusini.

Lakini mwanafunzi makini atasoma majina ya waandishi kabla ya muhtasari. Makala nyingi kubwa kati ya hizi zimeongozwa na watu wa vyuo vikuu vya Marekani. Wamefanya kazi nzuri sana, na nazifundisha kwa heshima. Ila maumivu yaliyozalisha takwimu hizo ni ya watu wa Sofala. Nchi inapotoka vitani huwa haina fedha, maktaba zake zimechomwa au kuoza, na wasomi wake wachache wamehitajika wizarani. Mgeni mwenye ruzuku anaingia bila mpinzani: anachukua sampuli, anaondoka, anachapisha kwa lugha ambayo askari wa doria aliyembebea vifaa hawezi kuisoma. Nimeona hali hiyo katika nchi zaidi ya moja. Nimewahi kupewa nakala ya makala kuhusu eneo nililolifanyia kazi mwenyewe, ikiwa imetumia hesabu zetu, bila Mwafrika hata mmoja katika waandishi.

Kwa hiyo mimi naupima ushirikiano kwa kuuliza: wageni wakiondoka kesho, kuna mtu hapa anayeweza kuuliza swali linalofuata na kulijibu? Kwa kipimo hicho Gorongosa imefanya mambo ambayo wengi hawajafanya. Mwaka 2008 serikali ya Msumbiji na taasisi ya Mmarekani Greg Carr ziliingia makubaliano ya kusimamia hifadhi pamoja kwa miaka 20, na mwaka 2018 yakaongezwa miaka 25. Muda huo ni muhimu kuliko fedha zenyewe. Ruzuku ya kawaida ya utafiti ni miaka mitatu. Tembo jike huzaa kila baada ya miaka minne au mitano. Huwezi kuelewa tembo kwa kalenda ya mfadhili.

Mwaka 2014 maabara ya baioanuwai yenye jina la mwanabiolojia Mmarekani E. O. Wilson ilifunguliwa Chitengo, ndani ya hifadhi. Sampuli za wadudu, popo na mimea zinaweza kutambuliwa na kuhifadhiwa palepale zilipotoka. Kisha ikaja shahada ya uzamili ya biolojia ya uhifadhi, inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Zambeze, Chuo Kikuu cha Lúrio, Taasisi ya Politekniki ya Manica na Chuo Kikuu cha Lisbon. Masomo yote hufanyika ndani ya hifadhi, na wanafunzi 12 wa kwanza, wote Wamsumbiji, walianza 2018. Dominique Gonçalves, mzaliwa wa Beira, mji mkuu wa Sofala, aliongoza mradi wa tembo hapo huku akisomea uzamivu Chuo Kikuu cha Kent, na jina lake limo katika makala ile ya pembe. Watu kama yeye wakiwa kumi au ishirini, mazungumzo na mgeni yanabadilika kabisa, kwa sababu mgeni anakuta mwenyeji ana maswali yake tayari.

Hayo yote yamefanyika katika nchi ambayo vita haikuisha mwaka 1992 moja kwa moja. Mapigano yalirudi eneo la Gorongosa kuanzia 2013, yakaja na kuondoka hadi usitishaji wa mwishoni mwa 2016. Kimbunga Idai kilipiga Beira Machi 2019, na hifadhi ikageuka kituo cha kupeleka chakula vijijini. Agosti 1 mwaka huohuo, Rais Filipe Nyusi na kiongozi wa Renamo, Ossufo Momade, walitia saini makubaliano ya kusitisha uhasama palepale Chitengo.

Kijana unayesoma hapa na kuandaa andiko la utafiti na chuo cha nje, iwe ni Burundi, Kongo au Msumbiji yenyewe, usisaini hati ya makubaliano kabla hujaisoma sehemu ya takwimu na sampuli. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yanayotumika tangu 2014, inakupa nguvu ya kudai masharti ya matumizi ya rasilimali za kijenetiki. Sampuli ya tembo haitoki nchini bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kibali hicho ni nafasi yako ya kuandika nakala ya takwimu itabaki wapi, nani ataifungua, na nani ataandika. Omba nafasi ya kujifunza uchambuzi wenyewe. Kukusanya vinyesi na kuvisafirisha hakutoshi. Dai muhtasari kwa lugha ya wanakijiji. Na kama mshirika wako anakasirika kwa maswali haya mwanzoni, bora umjue sasa.

Makala ya Stalmans inasomeka bure mtandaoni. Ifungue, nenda moja kwa moja kwenye takwimu za kuro, ujiulize kwa nini wao na si nyati, na nini kitatokea bondeni sasa mbwa mwitu wamerudi na simba wanaongezeka. Je, kuro wamekalia nafasi ya wengine, au wanasubiri tu kupunguzwa? Nikiwa na mwanafunzi mwenye jibu la kubahatisha lililofikiriwa vizuri, nitamsaidia kuandika barua ya kwanza kwenda Chitengo, na itakuwa vyema akianza kujifunza Kireno.