Mwacheni Moscovici apumzike

Juzi tena, semina Sinza, kijana kanyoosha mkono: "Dada, si utafiti ulishathibitisha, wachache wakishika msimamo tu jamii inageuka." Jamani, hii ni mara ya ngapi.

Utafiti wenyewe ni wa 1969, wa mwanasaikolojia Serge Moscovici na wenzake, wanawake wanakaa sita sita, wawili kati yao wamepangwa na watafiti, slaidi 36 zote za bluu na wale wawili wanakomaa ni kijani. Mnajua wenzao walifuata kwa kiasi gani? Asilimia 8.42 ya majibu. Wale wawili wakiyumba, mara kijani mara bluu, inashuka hadi 1.25. Tofauti ipo, sikatai, kutoyumba kuna uzito wake, ila kwenye majibu zaidi ya tisini kwa mia watu walisema bluu wakaendelea na maisha yao. Kwenye jaribio la mwanasaikolojia Asch la kulinganisha urefu wa mistari, wengi wakikosea kwa pamoja, kama theluthi ya majibu ilifuata mkumbo. Sasa nani mwenye nguvu hapo?

Na kinachonikera zaidi ni hili neno "msimamo", maana watu wanasikia ubishi. Mbishi anayejibu kila hoja kwa sentensi ileile hatumsikilizi, tunamwita mkorofi tunahamia siti nyingine ya daladala, na mtafiti Charlan Nemeth naye alionyesha kwamba wachache wanaolegeza kidogo, tena kwa wakati wake, wanaweza kuwavuta wenzao kuliko wanaokaza mpaka mwisho. Halafu rangi ya slaidi haikugharimu chochote, hakuna anayefukuzwa nyumbani kwa kusema kijani!

Mfano wanaopenda kunipa ni rambo, mifuko ya plastiki. Eti wanaharakati walipiga kelele mpaka tukabadilika. Kelele zilikuwepo ndiyo, ila tarehe 1 Juni 2019 ilikuja na katazo na faini, huko ni kutii, na ukitaka kujua watu walitii tu bila kukubali moyoni angalia vile vifungashio vyepesi vya kuonekana ndani vilivyogeuzwa vibebeo fasta, nyanya za buku zinaning'inia humo kama kawa.

Mimi mwenyewe nina shida na kitu kimoja ninachofundisha kila mwaka: kwamba wazo la wachache likishashinda, jamii inalibeba na kusahau lilitoka kwa nani. Linavutia, ila hebu fikiria, watu wakikumbuka chanzo tunasema wachache waliwavuta, wakisahau tunasema hivyohivyo, sasa ni kipi kingetuonyesha tumekosea? Sina jibu, nikifika hapo huwa napitisha slaidi haraka.

Mama ninayenunua kwake nyanya Buguruni siku hizi hakupi mzigo bila mfuko mbadala, na anakugombeza kabisa ukija mikono mitupu. Nikamuuliza, mama, ulianza lini kuamini haya mambo ya mazingira? Akacheka. "Mwanangu, nilianza siku mgambo walipopita. Kuamini nimeamini baadaye, sijui hata lini."