Ndege mvumaji mkia-kutu: tazama mkia kabla ya koo

Picha nyingi za ndege wavumaji (kwa Kiingereza hummingbirds), wale wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua wakinywa nekta, ninazoombwa kuzitambua zimelenga koo. Koo linapendeza kweli, lakini ni shahidi asiyetegemeka. Kijani kile kinachometameta hutokana na jinsi unyoya unavyoakisi mwanga. Ndege akigeuza shingo kidogo tu, koo lile lile linaonekana jeusi.

Mchukue Amazilia tzacatl, ambaye mimi humwita mkia-kutu. Anaishi kuanzia mashariki mwa Meksiko, kupitia Amerika ya Kati, hadi magharibi mwa Ekwado. Kule Costa Rica utamkuta bustanini na kwenye mashamba ya kahawa. Urefu wake ni sentimita 10 hivi, uzito gramu 5 hivi.

Anza na mkia: ni kahawia-nyekundu, na rangi hii haizimiki kivulini, kwa kuwa imo ndani ya unyoya wenyewe. Kisha mdomo, ambao ni mwekundu wenye ncha nyeusi. Halafu shuka tumboni, maana hapo ndipo wengi hukosea. Dume wa mkia-kutu ana koo na kifua cha kijani, tumbo la kijivu. Amazilia rutila, mvumaji mwenzake wa upande mkavu wa Pasifiki, ana rangi ya mdalasini kuanzia koo hadi tumbo. Ukiyaona hayo mawili, hamna haja ya kubishana.

Ukibaki na shaka, mwache ndege ajitambulishe kwa tabia. Mkia-kutu ni mgomvi. Hujitwalia kichaka cha helikonia, ile mimea yenye majani kama ya mgomba, akatua kwenye kitawi kilicho wazi na kumfukuza kila anayesogelea maua yake, hata aliyemzidi ukubwa. Phaethornis longirostris, mvumaji mwingine aliye jirani yake msituni, halindi ua lolote. Huzunguka kutoka ua hadi ua, kisha anarudia njia ile ile.

Kulea ni kazi ya jike peke yake. Hujenga kikombe kidogo cha nyuzi za mimea na kukifunga kwa utando wa buibui, ambao hunyumbuka makinda wanapokua. Hutaga mayai mawili, meupe.

Na wewe uliyepiga picha Tanga au Kisumu: huyo ni chozi. Wavumaji wako mabara ya Amerika tu. Chozi naye anaweza kuelea hewani kidogo mbele ya ua, lakini kwa kawaida hutua kwanza ndipo anywe.