Kushusha ndege kwa mdomo: rada ya kutua inavyofanya kazi

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kuongea na rubani mpaka ndege iguse chini wakati haoni kitu, swali la kwanza ni lilelile, "si kuna kompyuta siku hizi?" Zipo, tena nzuri tu, ila leo nataka niongelee rada ya kutua, hii ambayo mwongoza ndege anakaa mbele ya skrini na sauti yake ndo inageuka kuwa chombo cha rubani.

Rada ya kawaida ya uwanja, ile inayozunguka, haifai kwa kazi hii. Inachukua sekunde nne au tano kumaliza mzunguko mmoja, na yenyewe haipimi urefu wa ndege kutoka chini, urefu inaletewa na ndege yenyewe. Rada ya kutua inafanya tofauti, haizungukii anga lote, inakodolea macho upande mmoja tu, kule ndege inakotokea. Ina miale miwili myembamba, mmoja unaenda kushoto kulia kama mtu anayetikisa kichwa kusema hapana, mwingine juu chini kama anayekubali, na picha inabadilika karibu kila sekunde. Kwenye skrini napata picha mbili, ya juu inanionyesha mteremko na ya chini inanionyesha mstari wa katikati ya ranwei, ile njia ndege inapotua. Kazi yangu ni kukalisha kidoa kimoja, ambacho ndo ndege, juu ya mistari miwili kwa wakati mmoja, basi.

Mteremko wenyewe kwa kawaida ni nyuzi 3, yaani kila maili ya baharini ndege inashuka futi kama 318. Kinachowachanganya wanafunzi ni upande wa kushoto kulia. Ndege ikiwa imekosea nyuzi moja ikiwa maili 10, iko nje ya mstari kwa zaidi ya mita 320, lakini nyuzi hiyohiyo moja kwenye maili 1 ni mita 32 tu, kwa hiyo ukiendelea kumpa masahihisho makubwa uliyokuwa unampa mwanzo utamyumbisha kama mlevi, anavuka mstari unamrudisha anavuka tena. Mwishoni unampa nyuzi 2 na unasubiri uone kidoa kimeanza kurudi, na kusubiri ndo kugumu kuliko kuongea.

Halafu kuna ukimya. Akianza mteremko wa mwisho namwambia asinijibu tena, aendeshe tu, na kuanzia hapo sitakiwi kunyamaza zaidi ya sekunde tano. Rubani akikaa sekunde tano bila kunisikia anahesabu redio imekufa, anapandisha ndege, maana kwa mwendo wa noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa, sekunde tano ni mita 360 mbele na futi 60 na kitu chini. Nikiwa bado najifunza, kwenye mazoezi ya simuleta, kalamu ilinidondoka nikainama kuiokota. Kuinuka nakuta kidoa kinapanda. Mwalimu hata hakunigombeza, alinionyesha saa tu. Toka siku hiyo hata kama sina jipya nasema, "uko kwenye mstari, uko kwenye mteremko, uko kwenye mstari", watu wakisikia rekodi wanadhani nimekwama.

Mfumo huu ulianzia Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliyeubuni ni Luis Alvarez, yuleyule aliyekuja kupata Nobel ya fizikia mwaka 1968 kwa mambo ya chembe ndogo kabisa yasiyohusiana na ndege. Jaribio lake la mwanzo mwaka 1942 lilitumia rada moja inayofuata ndege yenyewe, na lilikwama kwa sababu ninayoipenda sana. Ndege ikikaribia chini, ardhi inafanya kama kioo, rada inaona ndege mbili, ya kweli na taswira yake iliyo chini ya ardhi, haijui ifuate ipi. Ndo akaenda kwenye miale miwili myembamba inayochanganua. Baadaye Wasovyeti walipofunga njia za kuingia Berlin Magharibi, 1948 mpaka 1949, ndege za chakula na makaa ya mawe zilikuwa zinashuka uwanja wa Tempelhof juu ya magorofa, kwenye ukungu wa Novemba, na waongozaji wa rada hii wakiongea usiku kucha.

Mvua ndo adui yangu. Wimbi letu lina urefu wa kama sentimita 3, na wimbi fupi namna hiyo linagonga matone linarudi, skrini inajaa pamba. Dawa yake ni kulizungusha wimbi, maana tone la duara linalirudisha likiwa limezunguka kinyume na antena inalikataa, wakati ndege yenye mabawa na kona zake inarudisha mchanganyiko na sehemu yake inapita. Sio bure lakini, na kidoa cha ndege nacho kinafifia, kwa hiyo hali ya hewa ikiwa safi dawa hiyo naizima.

Viwanja vingi vya kiraia vinatumia ILS, mfumo wa redio wa kutulia, ambayo inamtumia rubani mawimbi mawili na sindano zinamwonyesha mwenyewe, na sina ubishi, kwa msongamano wa ndege ILS inashinda, mimi nashusha mmoja mmoja. Ila ILS inataka kifaa ndani ya ndege. Mimi nataka redio inayosikia. Dira ikimfia kabisa simpi hata nyuzi, namwambia "geuka kushoto", naangalia kidoa, "acha kugeuka". Ndo maana jeshi halijaiacha, rada unaipakia kwenye lori unaiegesha pembeni ya ranwei.

Kwenye futi 200, kama kilomita 1.2 kabla ya kugusa, namwambia amefika kwenye urefu wa kuamua. Kuanzia hapo mimi bado namwona kwenye skrini, yeye anatafuta taa. Akiziona anatua. Asipoziona nasikia injini kwenye redio zinavyopandisha sauti, navuta maji, namrudisha mwanzo.