Je, wajua al-Biruni alisomaje dini asiyoiamini?

Mnamo mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka Khwarezm, katika Asia ya Kati, akawachukua wanazuoni wake hadi makao yake makuu, katika Afghanistan ya leo. Miongoni mwao alikuwamo Abu Rayhan al-Biruni, mwanafalaki aliyezaliwa mwaka 973. Sultani huyo alikuwa akiishambulia India mara kwa mara, na ni kwa njia hiyo ya vita al-Biruni alipata kukaa na wataalamu wa Kihindu. Aliwezaje basi, naye ni Mwislamu, kuandika juu ya imani yao kitabu chenye sura 80, kilichokamilika karibu mwaka 1030, bila kuifanyia kejeli?

Alianza na lugha. Alijifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vya Kihindu, akiwa mtu mzima, huku akilalamika kwamba kitu kimoja kina majina chungu nzima na jina moja lina maana nyingi, na kwamba wanakili wa vitabu hawakuwa makini. Pili, alitangaza mapema kuwa kitabu chake si cha mabishano: angeyanukuu maneno ya Wahindu wenyewe, hata yanayopingana na dini yake, kisha ayaweke kando ya yale ya Wagiriki wa kale na ya masufi yanayofanana nayo. Kwa kipimo hicho aliona kwamba kama shahada inavyoutambulisha Uislamu, Utatu Ukristo na Sabato dini ya Kiyahudi, ndivyo itikadi ya roho kuhama kutoka mwili hadi mwili inavyoutambulisha Uhindu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hatua iliyozaa matunda zaidi ni ile ya kutenganisha imani ya wasomi na ya watu wa kawaida, kwa kuwa kosa linalojirudia katika kulinganisha dini ni kupima falsafa ya upande mmoja kwa mazoea ya mitaani ya upande mwingine. Al-Biruni alieleza kuwa Wahindu walioelimika humwamini Mungu mmoja, wa milele, na kwamba sanamu ni kwa ajili ya wale ambao akili zao haziridhiki na jambo lisiloonekana. Wala hakuwaacha Waislamu nje ya hoja hiyo: alisema kwamba asiye na elimu akionyeshwa picha ya Mtume, au ya Makka na Kaaba, ataibusu na kugaagaa vumbini mbele yake kwa furaha.

Hakuwa bila upendeleo, maana aliwashutumu Wahindu kwa majivuno na kwa kudharau elimu ya wageni. Lakini katika kitabu hichohicho alikiri kuwa mashambulizi ya Mahmud yaliwatawanya kama vumbi, yakawatia chuki kwa Waislamu wote, na kuzifanya elimu zao zikimbilie Kashmir na Benares, ambako mkono wa jeshi ulikuwa haujafika.